Daftari la wanaokaa na wagonjwa: shajara ya mradi, 2024

Jumatatu, 8 Januari

Nimefungua kaunta buku jipya leo. La mwaka jana limejaa mpaka jalada la nyuma, na jana jioni nililisoma lote kabla ya kuanza hili.

Kwa atakayelipokea baada yangu: sisi ni timu ya tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na mateso ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona, kwenye kata mbili za mteremko wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, ukanda wa vihamba (mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba), migomba na kahawa. Wauguzi tuko wawili. Daktari anapanda mara moja kwa wiki. Kazi iliyobaki, ambayo ndiyo kubwa, inabebwa na wahudumu wa kujitolea, watu wa humu humu vitongojini. Kila mmoja anakwenda kwa mgonjwa wake mara mbili kwa wiki, anakaa naye, anasaidia kumgeuza na kumsafisha kinywa, anamsikiliza yeye na wanaomuuguza. Majina yao na ya wagonjwa siyaandiki humu.

Wagonjwa walioko kwenye orodha leo ni 31. Saratani ya umio ndiyo inayoongoza, na hilo halimshangazi yeyote aliyefanya kazi mkoa huu. Zinafuata saratani ya shingo ya kizazi na ya tezi dume, halafu kiharusi, moyo na figo.

Sasa kilichoninyima usingizi jana. Mwaka juzi tulifundisha watu 24. Waliobaki kazini ni 15. Kwenye kila ripoti nimekuwa nikiandika kwamba wanaacha kwa sababu ya nauli, na nauli ni shida kweli, maana bodaboda ya kwenda vitongoji vya juu inakula hela ya mboga ya siku mbili. Lakini nilipofuatilia mmoja mmoja kwenye daftari la zamani nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Kati ya tisa walioacha, saba waliacha ndani ya mwezi mmoja tangu mgonjwa wao afariki. Hakuna hata mmoja aliyeacha akiwa bado ana mtu wa kumhudumia. Wakati nauli inawauma walikuwa wanakwenda, tena kwa miguu. Waliacha pale ambapo hapakuwa tena na pa kwenda.

Sijui bado nifanye nini na hesabu hii. Nimeiandika kwa wino mwekundu.

Jumamosi, 20 Januari

Mafunzo ya wapya, siku ya kwanza. Wako sita: kijana wa bodaboda, mama anayeuza ndizi sokoni, mzee wa usharika, dada wa saluni, mama wa jumuiya ya Wakatoliki na bibi mmoja wa msikitini ambaye amewauguza mume na dada yake mpaka mwisho. Huyo bibi angeweza kutufundisha sisi, na nimemwambia hivyo mbele ya wenzake.

Huwa naanza na historia, kwa sababu wengi huja wakidhani kujitolea ni kujaza pengo la daktari. Nawaambia habari za Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi, kisha mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kisha akasomea udaktari, akafungua St Christopher's Hospice, nyumba ya kuwahudumia wanaokaribia mwisho, jijini London mwaka 1967. Alifundisha kwamba maumivu ya mtu anayekaribia mwisho ni ya mwili, ya moyo, ya familia na ya roho kwa pamoja, na kidonge kinatibu sehemu moja tu kati ya hizo. Kisha nawaleta karibu, Kampala, ambako Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993 na kuonyesha kwamba mofini ya maji, dawa ya maumivu makali inayotengenezwa kwa unga na kutiwa kwenye chupa ya kawaida, inaweza kutumiwa nyumbani kijijini bila umeme wala dripu.

Baada ya hapo tunaacha maneno, tunafanya kwa mikono. Kumgeuza mtu kila saa 2 kwa kutumia shuka lililokunjwa mara mbili chini ya kiuno, watu wawili, bila kumburuta, maana kuburutwa huumiza ngozi na kuchangia vidonda vya mgandamizo. Kusafisha kinywa kwa kitambaa laini kilichoviringishwa kidoleni na maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Kidonda kinachonuka: muuguzi akishakisafisha hunyunyizia vidonge vya metronidazoli vilivyosagwa, na ndani ya siku chache harufu hupungua kiasi kwamba wajukuu wanarudi kukaa chumbani. Kijana wa bodaboda aliposikia hilo akauliza kama angelijua mwaka jana angeweza kumsaidia shangazi yake. Nikamwambia ndiyo. Alitoka nje kidogo, akarudi, tukaendelea.

Wasichofanya: hawabadilishi dozi ya dawa, hawashiki pesa ya mgonjwa, hawaleti mwombaji wa dini yao bila kuombwa, hawatoi siri ya chumba kile sokoni wala kanisani.

Jumatatu, 5 Februari

Naandika hili kwa aibu na nataka libaki kama lilivyo.

Fundi cherehani wetu, mmoja wa wale 15, alikuwa akimhudumia mama mwenye saratani ya umio kwa miezi minne. Mama yule hakuweza tena kumeza kitu kigumu, na fundi ndiye aliyegundua namna ya kumlisha mtori: alikuwa akiupika mwepesi, anauponda, kisha anaupitisha kwenye chujio la chai mara mbili mpaka unateleza kama maziwa. Alichukua chujio lile kutoka kwake, akaliacha nyumbani kwa mgonjwa, kwenye msumari juu ya jiko.

Mama alifariki usiku wa Alhamisi. Mkwe wake alinipigia saa 8 usiku. Nikampa pole, nikamweleza taratibu, nikarudi kulala nikisema nitamjulisha fundi asubuhi. Asubuhi zikaja dharura mbili, na nikasahau.

Ijumaa ilikuwa zamu ya fundi. Alipanda kwa miguu akiwa na ndizi zake kwenye mfuko. Alipopinda kona ya mwisho akaliona turubai.

Hakuna aliyemtukana wala kumfukuza. Walimkaribisha benchi kama mwombolezaji mwingine yeyote. Wanawake wa ukoo walikuwa jikoni na hakuna aliyemjua vizuri kiasi cha kumwambia ingia. Siku ya maziko, pale kihambani, waliitwa kutupa udongo wanandoa, watoto, wajukuu, majirani, wawakilishi wa kanisa na wa vikoba. Yeye alisimama nyuma kwenye migomba. Haya yote nimeyapata kwa mwenzake. Kwangu ametuma ujumbe mmoja tu: "Sista, naomba nipumzike kwanza."

Nimerudi kwenye ile hesabu ya wino mwekundu. Nadhani nimeanza kuielewa.

Jumamosi, 17 Februari

Kikao na wahudumu wote. Nilieleza kosa langu bila kumtaja fundi, ingawa wote walijua. Kisha nikauliza swali moja: mgonjwa wako wa mwisho alipofariki, ulijuaje?

Wote waliowahi kufiwa na mgonjwa walijibu. Waliopigiwa simu na sisi ni watano. Wengine walisikia kengele, au tangazo la kanisani, au walikuta turubai kama fundi. Mwalimu mstaafu, ambaye huwa hasemi mengi, alisimama akasema kwamba mwaka jana alifika kwa mzee wake na habari za mpira wa jana yake, ameshazipanga kichwani njia nzima, akaambiwa mlangoni kwamba mzee alizikwa juzi. "Nilirudi nazo," akasema.

Tumekubaliana mambo matatu na yanaanza leo. Mgonjwa akifariki, simu ya kwanza baada ya familia ni kwa mhudumu wake, saa yoyote ya usiku. Mmoja wetu anakwenda msibani pamoja naye, na tunamwomba kiongozi wa ukoo mapema atamke kwenye ratiba kwamba alikuwa akimhudumia marehemu. Na mhudumu hapewi mgonjwa mwingine mpaka yeye mwenyewe aseme yuko tayari, si mimi nikimhitaji.

Hilo la tatu linaniogopesha, kwa sababu orodha ya wanaosubiri haipungui.

Jumamosi, 16 Machi

Ramadhani imeanza wiki hii. Bibi wa msikitini ameomba zamu zake ziwe asubuhi, akiwa bado na nguvu. Tumebadilishana.

Habari kubwa ni chupa ya mofini. Dada wa saluni ana mgonjwa mwenye saratani ya tezi dume iliyoingia kwenye mifupa. Daktari aliandika mililita 5 kila saa 4: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, na saa 4 usiku anapewa dozi mara mbili ili alale mpaka kuche. Hiyo ni mililita 30 kwa siku. Familia ilipewa chupa ya mililita 500, na dada akaweka alama ya kalamu kwenye ukingo wa dawa siku ile ya kwanza, kama tulivyomfundisha. Baada ya siku saba chupa ilitakiwa kubaki na 290. Alipoitazama akaona bado iko karibu na 400. Mzee alikuwa akilia usiku, familia ikasema dawa yenu haifanyi kazi.

Hakugombana na mtu. Alinitumia picha, kisha akakaa jikoni na binti anayemuuguza mzee, wakamenya ndizi. Binti akajieleza mwenyewe: jirani amemwambia hayo ni madawa ya kulevya, baba atakuwa teja na atakufa haraka. Kwa hiyo alikuwa akimpa anapoona amezidiwa tu, usiku mara nyingi hampi kabisa, na sirinji alikuwa ameificha kabatini.

Nilipanda kesho yake. Nilimweleza binti kwamba mofini inayotolewa kwa kipimo cha maumivu haimfanyi mgonjwa kuwa teja wala haimharakishi. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia, kwa sababu ana deni la usingizi la wiki nyingi na mwili unazoea. Kinachomsumbua mgonjwa wa mofini kila siku ni choo kigumu, ndiyo maana dawa ya kulainisha choo inakwenda nayo sambamba tangu siku ya kwanza. Na dawa inayosubiri maumivu yarudi huwa imeshachelewa. Tulifunga plasta nyembamba kwenye sirinji isiyo na sindano, pale kwenye 5, ili hata usiku kwa mwanga wa simu aone pa kuishia.

Leo dada amenipigia: mzee amekaa nje kwenye kiti, ameomba redio.

Nimemwambia dada kwamba alichofanya jikoni ndicho kilichomtuliza mzee yule. Amenyamaza kidogo kwenye simu, halafu akasema asante kwa sauti ya mtu asiyezoea kuambiwa.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua. Barabara ya juu imekatika sehemu mbili na gari letu halijavuka kwa siku tisa. Nchi nzima inazungumzia mafuriko mwezi huu, na huku kwetu ni matope na maporomoko madogo.

Katika siku hizo tisa hakuna mgonjwa hata mmoja aliyekosa kuonwa. Nimelisoma daftari mara mbili kuhakikisha. Kijana wa bodaboda aliacha pikipiki kwa binamu yake kwenye lami, akapanda kwa miguu na chupa tatu za mofini zilizofungwa kwenye kanga, akamkabidhi kila mhusika kwa saini. Wengine walikwenda kwa sababu nyumba ya mgonjwa iko ng'ambo ya mfereji tu.

Miaka kadhaa nyuma nilifundishwa habari za Kerala, kusini mwa India, ambako kuanzia mwaka 1999 wilaya ya Malappuram ilijenga mtandao wa majirani: watu wa kawaida wanajifunza, wanagawana mitaa, wanachanga fedha kidogo kidogo, na madaktari na wauguzi wanakuja nyuma yao kuwategemeza. Nilipenda wazo lile lakini niliona ni la watu wengi wa tambarare. Wiki hii nimeliona likitembea kwenye matope ya kwetu. Nimeomba kwenye mpango wa nusu ya pili ya mwaka kila kitongoji kiwe na wahudumu wawili wanaoishi ndani yake, hata kama hiyo inamaanisha wengine wasafiri kidogo na wengine wasisafiri kabisa.

Mabuti ya mvua: tunahitaji jozi 12. Mwenzangu anaulizia bei Moshi.

Jumatatu, 20 Mei

Nimekwenda kwa fundi cherehani. Miezi mitatu nilikuwa nikituma ujumbe wa salamu na kupata majibu ya neno moja.

Mimi si mzaliwa wa huku, nimetoka Mbeya kikazi na huu ni mwaka wa kumi na moja. Nilimuuliza Mwalimu niende na nini, nikidhani ataniambia sukari na mchele. Akanipeleka kwenye mpaka wa kihamba chake, pale yalipopandwa masale, akakata jani moja, akalifunga fundo, akanipa. Akasema, "Usiongee sana. Mpe kwanza." Nilikuwa nimepita kando ya masale kwa miaka kumi na moja nikiyajua kama alama za mipaka. Nilisikia pia kwamba ni jani la kuombea msamaha, ila sikuwahi kulibeba.

Fundi alikuwa kwenye cherehani chini ya baraza. "Karibu, Sista." Nikamwamkia, nikampa jani kwa mikono miwili, nikamwambia nilipigiwa simu usiku ule na sikukupigia. Alilitazama muda mrefu. Akaliweka juu ya meza ya cherehani, pembeni ya mkasi, akaniambia nikae.

Hakulia wala hakunilaumu. Aliuliza kitu kimoja: chujio lake la chai liko wapi. Mimi sikujua. Nimekwenda jana kwa familia ya marehemu na kuuliza. Lilikuwa bado kwenye ule msumari. Mkwe alinipa pamoja na mkungu wa ndizi, akasema walikuwa wakijiuliza yule mama mwenye cherehani alipotelea wapi, na hawakuwa na namba yake. Leo nimempelekea vyote viwili.

Amesema harudi kwenye kuhudumia majumbani, si sasa. Lakini ameuliza zile kashata za kuwekea visigino na nyonga za wagonjwa, tunazipata wapi. Nilicheka kwa furaha kwanza, kwa sababu "kashata" ndivyo wahudumu wanavyoviita vile vimito vya mraba. Tulikuwa tunavikata kwenye godoro kuukuu na kuvifunga vitambaa. Atatushonea.

Jumamosi, 13 Julai

Kikao cha kukaa, cha tano sasa. Kwa kumbukumbu, kinakwenda hivi: Jumamosi ya mwezi, saa 3 asubuhi, chai na viazi, simu zimezimwa. Hakuna ripoti. Hakuna kuhesabu ziara. Kila mtu anasema juu ya mgonjwa mmoja anayemkaa moyoni, au anapita. Kupita kunaruhusiwa, ila akipita vikao viwili mfululizo mmoja wetu anamtembelea nyumbani.

Leo mzee wa usharika alikuwa anapita kwa mara ya pili, kisha akabadili nia. Mgonjwa wake anamtaka asaini kama shahidi kwenye karatasi ya kugawa kihamba, na watoto wawili wa mgonjwa wanavutana. Wiki tatu amekuwa halali. Tumempa jibu ambalo tunapaswa kuwa tulilisema tangu Januari: mhudumu hasaini karatasi ya mali ya mgonjwa kamwe, na anaruhusiwa kusema "mradi umenikataza". Nimemwona mabega yakishuka. Mtu mpole anahitaji kupewa kukataa ambako si kwake.

Mama muuza ndizi naye akasema amekuwa akiacha fedha zake chini ya mto wa mgonjwa. Hatukumkemea. Tumefungua kopo la mfuko wa dharura, atachukua humo kwa kuandika, na za kwake zibaki za watoto wake.

Mmoja wa wale wa zamani ametuaga leo. Amechoka, mkewe ni mgonjwa, anataka kuwa nyumbani. Tulimshukuru kwa majina ya kila mtu aliyemhudumia, kumi na mmoja, mwenzangu akiyasoma kutoka kwenye madaftari. Ndiye wa kwanza kuondoka kwa kuaga.

Alhamisi, 22 Agosti

Familia nyingi zinatuomba tusimwambie mgonjwa. "Sista, Babu asijue, atakata tamaa." Nawafundisha wahudumu maneno mafupi: hatusemi uongo, na hatumtangulii kusema. Kuyatekeleza ndiko kugumu.

Leo nilikuwa kwenye chumba kimoja na Mwalimu wakati Babu wake mpya, miaka themanini na kitu, saratani ya umio, alipomgeukia na kumuuliza moja kwa moja: "Mwalimu, Krismasi nitakula na wanangu?" Mke wake alikuwa mlangoni na sinia la chai, akasimama pale pale.

Mwalimu hakunitazama kutafuta msaada. Alisogeza kigoda, akaushika mkono wa Babu, akasema: "Babu, wewe unauonaje mwili wako?"

Ikapita kimya ndefu. Nje kuku walikuwa wanaparua majani makavu ya migomba. Kisha Babu akasema, "Naona umechoka." Mwalimu akasema, "Nami naona hivyo." Mke akaweka sinia chini, akaja akakaa kitandani upande wa miguu. Ni yeye aliyeanza kulia, na Babu ndiye aliyemtuliza. Baada ya hapo waliongea mambo yao, ng'ombe apewe nani, mtoto wa Dar es Salaam aitwe mapema, suti ya kijivu na si ya kahawia. Sisi tulitoka nje.

Mwalimu mikono ilikuwa inamtetemeka. Tulikaa ukingoni mwa mfereji karibu nusu saa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kazi yangu siku ile haikuwa ndani ya chumba kile hata kidogo.

Jumamosi, 12 Oktoba

Siku ya Hospisi na Tiba Shufaa Duniani, ambayo huwa Jumamosi ya pili ya Oktoba. Mwaka huu inakumbukwa miaka kumi tangu Mkutano wa Afya Duniani wa Mei 2014 upitishe azimio la kuzitaka nchi ziingize tiba shufaa kwenye mifumo yao ya afya. Tumelizungumza kwa kifupi, na mganga wa zahanati amesema vizuri kuhusu upatikanaji wa mofini.

Sehemu iliyobaki ilikuwa ya kusoma majina. Tumefiwa na wagonjwa 27 tangu Januari. Kila mhudumu alisoma majina ya wake, na familia zilizoweza zilikuja. Mkwe wa yule mama wa Februari alikuja. Alipomwona fundi cherehani amekaa safu ya nyuma alikwenda akamshika mkono, akamleta mbele, wakasoma jina pamoja.

Kashata mpya zilizoshonwa: 40. Zina mfuko wa nje wa kuvua na kufua. Ni bora kuliko zozote tulizowahi kuwa nazo.

Jumamosi, 30 Novemba

Maandalizi ya Desemba, mwezi mgumu kuliko yote. Watoto wanarudi kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, na wengine nje ya nchi. Wanamkuta baba alivyokonda, wanashtuka, wanataka dripu, wanataka kumpakia kwenye gari usiku ule ule. Mhudumu aliyemjua mgonjwa kwa mwaka mzima anaambiwa asante, tumefika. Desemba iliyopita ilitokea kwenye nyumba tisa.

Mwaka huu tumeandika barua ya ukurasa mmoja ya kuachwa mezani kwa kila nyumba, kwa ajili ya wanaorudi. Inaeleza dawa zilizopo, nani anakuja siku gani, na jambo moja ambalo linawagombanisha zaidi: mgonjwa aliyefika siku za mwisho anapoacha kula, mwili wake ndio unaofunga shughuli. Kumlazimisha uji kunaweza kumpalia. Lowesha midomo, mpake mafuta, kaa naye. Mama wa jumuiya ameomba tuongeze sentensi kwamba mlezi aliyeko nyumbani naye amechoka, apewe usiku wa kulala. Tumeongeza.

Wahudumu walioko kazini ni 17, na fundi anayeshona. Walioondoka mwaka huu, ukimwacha fundi, ni watatu: yule wa Julai, mmoja aliyepata kazi Arusha, mmoja anayetarajia mtoto. Wote waliaga. Orodha ya wagonjwa wanaosubiri ni sita, na nimewaambia wakubwa wangu wazi kwamba inatokana na kuwapumzisha watu wangu, na kwamba sitabadilisha hilo. Tumeomba nafasi ya kufundisha wanane Januari.

Jumatatu, 9 Desemba

Babu wa Mwalimu amefariki alfajiri ya leo. Mtoto wa Dar es Salaam alikuwa amekuja na kuondoka mwezi uliopita, wengine walipanga kufika tarehe 20. Mofini ilikuwa ya kutosha, alikuwa mkavu na safi, mke wake alikuwa amemshika.

Bibi, mkewe, ndiye aliyenipigia, saa 10 na dakika 10. Nilikaa naye kwenye simu mpaka pumzi zake zikatulia. Saa 10 na dakika 20 nikampigia Mwalimu.

Aliitikia mlio wa kwanza. Nilimwambia. Akanyamaza, kisha akauliza kama Bibi ana mtu wa kukaa naye. Nikamjibu yuko na mjukuu mdogo tu, na mimi siwezi kufika kabla ya saa 12.

"Natoka sasa," akasema. Nilisikia komeo la mlango wake kabla simu haijakatika.